Nilinunua ekari nne jirani na Kiswere, nikasahau kuuliza minazi ni ya nani

Puu!

Kimya cha nusu dakika hivi. Kisha tena: puu!

Wakuu, salamu kwenu nyote, mnaoandika humu kila siku na sisi tunaosoma kimyakimya. Ninayoyasimulia yamenikuta mwenyewe, na sehemu zinazoniaibisha nimeziacha kama zilivyo. Hiyo ndiyo dhamana yangu. Nikikosea herufi mniwie radhi.

Kwa kifupi, mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika historia. Utafiti wangu unahusu maisha ya vijiji vya pwani ya Lindi enzi za Mwingereza: kodi ya kichwa, mashamba ya mkonge, na namna watu walivyoishi na DC aliyepita mara chache, akahesabu vibanda, akaondoka.

Nilifika kijiji kimoja jirani na Kiswere kwa miezi mitatu ya kuwahoji wazee. Mwezi wa pili nikawa nimekwisha kupapenda. Mwezi wa tatu nikanunua ekari nne.

Mpango wangu ulikuwa huu: upande wa juu nilime ufuta, upande wa chini nijenge vibanda vitatu vya wageni wanaokwenda kutazama magofu ya Kilwa. Kikwazo kilikuwa kimoja tu. Minazi kumi na moja, mirefu na ya zamani, ilisimama palepale nilipochora vibanda. Nikampata fundi wa msumeno wa mashine, mkazi wa Mtanda, Lindi mjini. Tukakubaliana aje Alhamisi, afike adhuhuri.

Sauti ile niliisikia Alhamisi hiyohiyo, saa mbili asubuhi, nikiwa kwenye chumba nilichopanga kando ya shamba.

Mtu mwingine angetoka nje akatazama. Mimi nilibaki kitandani nikihesabu. Upepo huangusha nazi ovyo, lakini hizi zilikuja kwa mpangilio. Tumbili hana subira ya nusu dakika. Na kulikuwa na sauti ya mtu akiimba, ambayo niliitafsiri kuwa ishara kwa wenzake. Nikahitimisha, kwa utaratibu kamili wa kitaaluma, kwamba ninaibiwa.

Nikatoka mbio na kanga yangu, nikapiga kelele: "Mwizi! Mwizi!"

Juu ya mnazi alikuwepo mkwezi, mtu mzima mwenye mvi. Chini alikuwepo Bi Somoe, bibi wa miaka sabini na kitu ambaye nilikuwa nimemhoji mara tatu nyumbani kwake. Alikuwa anapanga nazi kwenye pakacha.

"Yuko wapi?" akauliza Bi Somoe, akageuka kutazama nyuma yake kwa hofu ya kweli.

Mkwezi alicheka mpaka nikahofia ataanguka. "Dada, mwizi gani huyo anakwea kweupe hivi, tena anaimba?"

Wakuu, kelele ya mwizi kijijini haitoki bure. Kufumba na kufumbua watu walikuwa wamejaa, wengine na fimbo, na miongoni mwao Mzee Chande, aliyeniuzia shamba. Nikaona heri, shahidi wangu kafika. Nikakimbilia ndani kuchukua mkataba.

Mkataba ule niliuandika mwenyewe, kurasa tatu. Nikausoma kwa sauti mbele ya watu: mipaka yote minne, hatua kwa hatua, kichuguu kimoja, shimo la choo la zamani, mawe mawili ya msingi.

"Minazi iko wapi hapo?" akauliza Mzee Chande.

"Haikuandikwa, mzee. Lakini si imo ndani ya shamba?"

"Na mimi nimo ndani ya shamba sasa hivi. Umeninunua?"

Watu waliangua kicheko. Kuna mama mmoja ilibidi akae chini.

Mzee akanieleza bila hasira. Huku ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Enzi za Mwingereza, baba yake Bi Somoe aliomba kwa babu yake Mzee Chande mahali pa kupandia minazi, akapewa. Ardhi ikabaki kwa akina Chande, minazi ikawa ya kwao Bi Somoe, wao na vizazi vyao.

"Tena ulipoandika mpaka kichuguu, minazi ukaiacha," akaongeza, "nyumbani tulikusifu sana. Tukasema huyu kweli kasoma, kaijua mila yetu bila ya kuambiwa."

Mimi niliiacha kwa sababu niliona ni jambo lililo wazi mno kuandikwa.

Baya zaidi, habari hiyo nilikuwa nayo tayari. Nilipofungua daftari la mahojiano nikakuta maneno ya Bi Somoe mwenyewe, kwa mwandiko wangu: "Baba alipewa mahali, hakupewa ardhi." Pembeni nimeandika: ukarimu wa wenyeji. Nikapigia mstari.

Watu walipotawanyika nilimwendea Bi Somoe, nikapiga magoti kuomba radhi.

"Inuka mwanangu. Umeniita mwizi tu, hujaniita mchawi."

Akanipasulia dafu, akanishika mkono, tukaanza kupita mnazi kwa mnazi. "Huu wa kaka yangu. Huu wangu mie, nilizaliwa ukapandwa." Kwenye mmoja alisimama kidogo, kiganja juu ya shina. "Huu wa mwanangu Zuhura. Miaka sita tu. Yeye hakukua. Huu umekua."

Nikaliweka dafu chini.

Ilikuwa saa nne na nusu. Bi Somoe alijua nimemwita mwizi, lakini habari za msumeno hakuzijua. Nami nilianza, kama kawaida yangu, kupima njia. Ningeweza kwenda kumsubiri fundi njiani, nikamrudisha kimyakimya, na bibi asijue maisha yake yote. Nilitunga udhuru wa aina nne. Wote ulikuwa na mantiki nzuri.

Kisha nikajiuliza nitakaaje jirani na mtu huyu, nimwamkie kila asubuhi, huku nimeficha jambo hilo.

Funzo nililolipata, wakuu: ukinunua shamba huku, pima utakavyo, lakini uliza kila mti kaupanda nani, na kwa ajili ya nani, kisha jibu uliandike kwenye mkataba. Wenye mashamba ya mikorosho kule Rondo, je, kwenu nako ni hivi? Na mwenye ujuzi wa kujenga vibanda kati ya minazi bila kuigusa, namsikiliza. Wa kunisuta nao wasisite, nimestahili.

Simu kwa fundi niliipiga hapohapo, kando ya mnazi wa Zuhura, kwa spika, ili nisipate nafasi ya kubadili maneno.

"Dada, niko Kiswere nakunywa chai!" fundi akasema kwa furaha. "Msumeno nimeshaunoa. Minazi yako kumi na moja, alasiri haiikuti imesimama."

Bi Somoe alinitazama. Kiganja chake kilirudi kwenye shina, kikabaki hapo.

"Usikate, fundi," nikasema. "Hata mmoja. Nilikosea."

"Kwani kijiji kimekataza?"

"Hapana. Si yangu."

Bi Somoe aliondoa kiganja kwenye shina. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua simu, akaisogeza mdomoni kama anayetaka kuiuma.

"We mtoto wa nani, huamkii watu?"

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba. Maliza chai yako uje unywe madafu. Huo msumeno uuache hukohuko kwa muuza chai."

"Samahani," fundi akauliza, "naongea na nani?"

Nikainama karibu na simu.

"Mwenye minazi," nikasema.