"Siahidi": Mama Minyoo na sanduku lake la udongo

Saa tatu kasorobo asubuhi, nyuma ya stoo ya shule, watoto hamsini na wanne wa darasa la awali wamechuchumaa kulizunguka sanduku la mbao lililojaa udongo mweusi. Hakuna anayemsukuma mwenzake. Hilo peke yake, kwa aliyewahi kushinda na watoto wa miaka mitano, ni habari ya ukurasa wa mbele.

"Huyu ni mtoto au mtu mzima?" anauliza mwalimu wao. Kiganjani mwake kuna nyungunyungu mwembamba kama uzi.

"Mtotooo!"

"Mmejuaje?"

"Hana mkanda!"

Kweli hana. Nyungunyungu aliyekomaa huwa na mkanda mnene karibu na kichwa, na mkanda huo ndio unaotengeneza kifuko cha mayai. Kifuko huachwa udongoni, kidogo kama kichwa cha kiberiti. Baada ya wiki kadhaa wachanga huchomoza, hula majani yaliyooza, hukua, hupata mkanda wao, na mambo huanza upya. Watoto hawa watakusimulia yote hayo kwa mkupuo mmoja, utake usitake.

Shule nzima inamwita mwalimu huyu Mama Minyoo. Jina lilianza kama kejeli ya chumba cha walimu. Hakununa; alilichukua akalivaa.

"Walidhani nitalia," anasema. "Mimi? Nimeshaitwa mabaya zaidi ya hayo na watu ninaowapenda."

Ana miaka arobaini na moja, anafundisha kwa mkataba, na mkataba wenyewe unaisha muhula huu. Kuongezewa au kutupiwa virago kunategemea sanduku hili. Kamati ya wazazi inataka neno moja tu kutoka kwake: aahidi kwamba hatafundisha tena habari za minyoo. Mpaka leo hajaahidi.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya sabuni.

Wakati huo sanduku lilikaa ndani ya darasa, chini ya dirisha, limefunikwa gunia bichi kwa kuwa nyungunyungu hawapendi mwanga. Kila mtoto aliyegusa udongo alitakiwa anawe mikono kwa sabuni, na mwalimu aliuimba wimbo huo kutwa kucha. Basi siku moja akaitwa ofisini. Wanafunzi wake wakatafakari, wakaona hakuna haki: wao wananawa kila siku, nyungunyungu je? Wakawatoa mmoja mmoja, wakawasugua vizuri kwenye beseni la povu, wakawapanga juu ya kitambaa wakauke.

Mwalimu aliporudi aliwakuta wamesimama kifua mbele, wanangoja kusifiwa.

Mwalimu wa darasa la jirani alimnong'oneza awaambie kwamba minyoo wamelala. Alikataa katakata.

"Niliwaambia wamekufa, na sabuni ndiyo iliyowaua, kwa sababu wanapumua kwa ngozi," anasema. "Sasa nimfundishe mtoto maisha ya kiumbe, halafu kifo chake nimfiche? Nitakuwa nimemfundisha nini?"

Darasa liliangua kilio. Watoto walikwenda nyumbani macho mekundu, wakawaeleza wazazi wao kwa kwikwi habari za minyoo waliokufa darasani. Mzazi akisikia "minyoo" na "mwanangu" kwa pamoja hangoji maelezo. Kesho yake nusu ya darasa walikuwa wameshanyweshwa dawa ya minyoo. Mmoja alimuuliza mwalimu kama ibakizwe kidogo kwa ajili ya wale wa kwenye sanduku.

Mama mmoja, fundi cherehani, alifika ofisini kabla ya kengele.

"Mimi nimemleta mtoto asome a e i o u," alimwambia mwalimu mkuu. "Sikumleta afuge wadudu. Usiku anaamka anamlilia mnyoo! Mnyoo, Mkuu!"

Mwalimu mkuu ni mtu asiyependa kelele. Akatoa amri: sanduku litoke darasani.

Likatoka. Na darasa likatoka nalo.

"Amri ilitaja sanduku," anasema Mama Minyoo huku akikung'uta udongo kwenye sketi. "Watoto haikuwataja."

Wenzake walimwona kachanganyikiwa, maana sanduku lilibaki na udongo mtupu. Yeye alijua halikuwa tupu. Waliosuguliwa ni wakubwa. Vifuko vilikuwa bado chini. Watoto wakanyunyiza maji kidogo kidogo, wakatandaza majani yaliyooza, wakangoja bila kufukua, jambo lililowatesa kuliko hesabu. Asubuhi alipoonekana nyungunyungu mchanga wa kwanza akijikunja, msichana mmoja alipiga yowe hadi mpishi akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Kwa nini mtu mzima ahatarishe kibarua chake kwa ajili ya haya? Swali hilo linamkasirisha, naye haoni sababu ya kuificha hasira yake.

"Mdogo wangu alivimba tumbo mpaka ngozi ikang'aa," anasema. "Wengine wakasema karogwa. Mama alijua ni minyoo, lakini kulitamka neno lenyewe aliona aibu, eti majirani watasema sisi wachafu. Aibu! Mtoto anakwisha, watu wazima wanaona aibu. Hakuna aliyetuambia mayai ya minyoo hao yanatoka wapi na yanaingiaje mdomoni."

Mdogo wake huyo alipona. Siku hizi anauza mboga sokoni, na majani anayoshindwa kuyauza ndiyo chakula cha sanduku.

"Mimi ndiye kifaa chake cha kufundishia," anacheka. "Ila dada yangu ni mkaidi, jamani. Nilimwambia, dada, wewe ahidi tu, kisha fundisha kimya kimya. Alinitoa nyumbani kwake na chai sijamaliza."

Kwenye mkutano wa wazazi, fundi cherehani alimtaka aahidi palepale, mbele za watu. Mama Minyoo alisimama.

"Siahidi," alisema, akakaa.

Ukumbi ulichafuka. Waliponyamaza alisimama tena, akaeleza kwamba nyungunyungu hawamwingii mtu tumboni, kwamba wale wa tumboni ni wengine kabisa, na kwamba mtoto anayejua yai linageuka kuwa nini hunawa hata asipochungwa. Wachache walipiga makofi. Wengi walikunja mikono. Kamati ikampa hadi mwisho wa wiki hii.

Haogopi?

"Naogopa, tena sana. Nina kodi ya nyumba, nina wanangu wawili wanasoma. Lakini nikiahidi leo, kesho wataniambia nisitaje choo, keshokutwa nisitaje tumbo. Nitabaki kufundisha kunyamaza."

Mwalimu mkuu anatokeza kwenye kona ya stoo, anakanyaga kwa tahadhari asichafue viatu.

"Shikamoo, Mkuuu!" watoto wanamwamkia kwa pamoja kabla hajasema lolote.

"Marahaba." Anamgeukia mwalimu. "Kamati wananipigia simu toka asubuhi. Niwaambie nini?"

"Waambie wiki ijayo tunaanza minyoo wa tumboni. Kutoka yai mpaka yai."

"Mwalimu, tafadhali."

"Chooni, mkononi, mdomoni, tumboni. Picha nimeshachora."

Mwalimu mkuu anashusha pumzi. Kwa sauti ya chini, ambayo watoto wote wanaisikia, anamkumbusha kwamba wiki ijayo huenda asiwe na darasa.

"Basi nitafundishia barazani kwangu," anasema Mama Minyoo. "Nyumba yangu wanaijua. Na yule mama fundi mwambie wa kwanza kukaribishwa ni yeye. Aje na mwanawe."