Siku Anaclet Alipochagua Bastola

Anaclet alihangaika miaka mingi kupata karatasi za ukaazi wa kudumu, na alipozipata, kitu cha kwanza alichokitaka kilikuwa bastola. Si nyumba ya Queensburgh ambayo mkewe Félicité alikuwa akiiota. Si gari. Bastola. Duka lake la simu pale Greyville, mjini Durban, lilikuwa limevamiwa mara mbili. Mara ya pili vijana walimlaza kifudifudi mbele ya wateja, mmoja akamkanyaga shingo kwa kiatu huku akicheka. Simu zilizoibwa alishazisahau. Kicheko kile hakikumtoka.

"Mama Peguy," alimwambia mkewe wakila fufu na sombe, yaani kisamvu, "mukimbizi hapewi silaha katika inchi hii. Mimi si mukimbizi tena. Sasa niko mwanaume kamili."

Félicité aliendelea kumega fufu.

Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Saluni yake ilikuwa milango miwili kutoka duka la mumewe, na Wakongo wengi wa mtaani walisukwa naye. Walimjua kama Maman Féli wa kwaya, mwenye mikono myepesi isiyoumiza kichwa cha mtoto. Walijua ametoka milimani huko Kivu ya Kusini, wazazi wake walikufa vitani, akapitia kambi Tanzania hadi akafika Durban. Hivyo ndivyo alivyomweleza kila mtu, Anaclet akiwemo, na hakuna neno la uongo ndani yake. Ila katikati ya hadithi hiyo palikuwa na shimo la miaka miwili, naye alikuwa amejifunza kuliruka bila kujikwaa.

Aliyemtia Anaclet moto alikuwa rafiki yake Blaise, muuza vipuri vya magari, ambaye kila Jumamosi alikwenda kwenye mashindano ya kulenga shabaha. Blaise alisema mtu mwenye akili hanunui silaha ya kufichwa tu kiunoni. Ananunua moja nzuri, ya kumlinda katikati ya wiki na ya kumpa kikombe Jumamosi. Anaclet akamaliza mafunzo na mitihani yote inayotakiwa na sheria, kisha wakaenda duka la silaha watatu. Félicité hakutaka kwenda. Mumewe alisema kitu chenye bei ya kukaribia gari hakinunuliwi bila bibi kukiona.

Muuzaji alikuwa mzee wa Kihindi aitwaye Pillay, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alitandika kitambaa cheusi juu ya kaunta, akaweka bastola tatu. Ya kwanza ndogo na nyepesi, inayopotea chini ya shati lakini inaruka mkononi kama panya. Ya pili ndefu, ya chuma kitupu, nzito, inayotulia ukifyatua, zile wanazotumia washindi. Ya tatu ya chuma pia ila fupi kidogo, na mpini wake mwembamba.

"Ya kubeba ni ile usiyoisikia kiunoni," Pillay alisema. "Ya mashindano ni ile isiyotikisika. Ukitaka moja ifanye kazi zote mbili, kuna mahali utapoteza kidogo. Mimi kwa mkono wako ningechukua hii ya tatu."

Anaclet alikuwa ameshaikamata ile ndefu. Iling'aa.

"Hii," alisema. "Hii iko na heshima."

Félicité alisimama karibu na mlango, mikono yote miwili imeshika mkoba wake. Kwa jicho moja tu alikuwa ameona kwamba vidole vya mumewe ni vifupi, havikifikii vizuri kifyatulio cha ile ndefu. Akarudi nyuma hatua moja. Harufu ya mafuta ya bunduki ilikuwa imemfikia. Katika ile miaka miwili, kule msituni kwa wapiganaji, afande alikuwa na bastola aliyomvua ofisa aliyekufa. Kazi ya Félicité ilikuwa kuisafisha na kujaza magazini zake risasi mpaka ncha za vidole zikapasuka. Alikuwa na miaka kumi na minne. Na haikuwa kazi yake pekee.

Nyuma ya duka palikuwa na ukumbi wa kujaribia. Walivaa vya kuziba masikio, Anaclet akapewa risasi tano. Alifyatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha ganda la risasi likakwama juu. Akakivuta chuma cha juu kwa hasira. Ganda likaanguka na risasi nyingine ikaingia chemba, tayari kufyatuka, yeye hakuona. Akageuka, kidole kikiwa bado kwenye kifyatulio.

"Mzee, imekwama!"

Mdomo wa bastola ulipita juu ya tumbo la Blaise, ukaenda kwa Pillay. Kabla mzee hajafumbua kinywa, Félicité alikuwa ameshamfikia mumewe. Alimkamata kifundo cha mkono akausukuma kuelekea ukuta wa shabaha. Akaachia magazini, ikaanguka. Akakivuta chuma, risasi ikaruka na kubingirika sakafuni, akachungulia chemba, akailaza bastola mezani ikiangalia mbele. Alifanya hayo yote kama mtu anayeepua sufuria inayomwagika.

Kisha akaitazama mikono yake, akairudisha kwenye mkoba.

"Mama," Pillay alisema, uso umempauka, "nani amekufundisha?"

"Hakuna."

"Eish, Maman Féli!" Blaise alicheka kwa woga. "Umetuokoa!"

Anaclet aliilipia ile ndefu, ikabaki dukani kungoja kibali. Njiani kurudi, wakiwa wameshamshusha Blaise, walisimama kwenye robot, taa za barabarani, karibu na uwanja wa mbio za farasi, naye Anaclet akageuka.

"Ulijifunzia wapi?"

Angeweza kudanganya. Lakini alikuwa amechoka kuliruka lile shimo. Alimweleza jinsi alivyochukuliwa na wapiganaji njiani akitoka kisimani, yale afande aliyomfanyia, na jinsi alivyotoroka mvua ikinyesha.

"Na uliua?"

"Papa Peguy, usiniulize hiyo."

"Nimeuliza."

"Walinipeleka kila mahali walipokwenda. Nilikuwa na bunduki kama wengine."

Robot ilikuwa imegeuka kijani, magari ya nyuma yakapiga honi. Anaclet akamshika goti. "Itabaki hapa hapa," alisema. "Mimi na wewe." Félicité alilia njia nzima, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo, na usiku huo alilala usingizi mzito ambao hakuukumbuka tangu utotoni.

Siri haikukaa hata mwezi.

Kwa Blaise kulikuwa na nyama choma, na wanaume walikuwa wakimtania Anaclet: amenunua bastola ya bingwa, karibu amuue muuzaji nayo. Félicité alikuwa jikoni akipanga sahani. Alimsikia mumewe akijitetea kwa sauti ya bia:

"Cheka tu! Mimi nyumbani niko na mwalimu. Bibi yangu ni komandoo! Alibeba bunduki msituni, muulize Blaise alivyofanya!"

Wakacheka, wakapiga makofi. Félicité alisimama na sahani mkononi. Kama mumewe angemwonea aibu, angeelewa. Lakini ile ilikuwa sauti ya mtu anayejisifia gari.

"Sasa unakasirika nini?" Anaclet alimuuliza walipofika nyumbani. "Ni sifa! Mutaa wote sasa watatuogopa."

Hapo alisema kweli. Kanisani, wanawake wa kwaya walianza kumwachia nafasi kubwa kwenye benchi. Akina mama walioleta mabinti zao kusukwa walipata udhuru, mmoja baada ya mwingine. Waliobaki walikaa kitini mabega yakiwa yamekaza.

Larissa alikuja siku ya Alhamisi. Alikuwa mteja wake wa miaka yote, mtu wa kucheka na kusimulia. Siku hiyo alisubiri mpaka upande mmoja wa kichwa ulipokuwa umesukwa. Kisha akamtazama kwenye kioo.

"Maman Féli, nitakuuliza kitu, na usinidanganye. Mulendwe ulifika?"

Félicité alijua Larissa alizaliwa kijiji cha Mulendwe. Alijua mama yake alikwenda sokoni siku lilipovamiwa na hakurudi. Yote hayo aliyasikia katika kiti hicho hicho, miaka iliyopita, akaendelea kusuka.

"Nilifika."

"Siku ya soko?"

"Siku ya soko."

Larissa hakupiga kelele. Alijivua kitambaa cha mabegani, akakikunja, akakiweka juu ya kiti. Akatoka nje juani na nusu ya kichwa, upande mmoja mistari, upande mwingine nywele zimesimama. Watu walimgeukia njia nzima. Félicité alitaka kumkimbilia, amwambie alikuwa mtoto, kwamba siku ile alielekeza bunduki juu ya mapaa. Lakini hakutoka, kwa sababu mwenyewe hakuwa na hakika ya yale mapaa.

Alimtumia ujumbe wa sauti. Alama mbili zikageuka buluu. Jibu halikuja.

Saluni aliifunga baada ya miezi michache. Sasa anafanya kazi kwenye ghala moja la Mobeni, anapanga sabuni kwenye maboksi pamoja na wanawake wa Kizulu. Wanamwita "sisi", yaani dada, wanamgawia chai, na hakuna hata mmoja anayejua Kiswahili. Hilo linamfaa.

Kibali cha Anaclet kilitoka. Kubeba bastola dukani alijaribu wiki mbili, nyonga ikamuuma, akaiacha kwenye sefu. Jumamosi anakwenda nayo mashindanoni na anarudi akiwa wa mwisho au wa pili kutoka mwisho, akilaumu risasi, akilaumu miwani.

Juzi alikaa mezani akiisafisha, akamtazama mkewe aliyekuwa akipiga pasi sare ya kazi.

"Nifundishe tu kidogo, Mama Peguy. Kidole kinakataa kufika. Wewe unajua."

Félicité aligeuza kola, akaipitisha pasi taratibu.

"Ungechukua ile ya tatu," alisema.

Anaclet akacheka, akidhani wamepatana.