Faini ya Mausi Isiyo na Waya

Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, Marsiana Kasonso, mchapaji wa steshenari eneo la Mazwi mjini Sumbawanga, alilazwa hospitalini akiwa na mchubuko uliozunguka shingo nzima, mwembamba kama kalamu.

Mchubuko huo uliachwa na waya wa mausi ya kompyuta. Aliyeuzungusha ni mumewe, Valerian, ambaye kazi yake ni kufunga mizigo kwenye malori ya mahindi. Wafungaji wa mizigo wana fundo lao. Likivutwa linakaza, na ukiliachia halilegei, kwa sababu turubai likilegea kabla lori halijafika bandari ya Kasanga, magunia yanalowa. Fundo hilo ndilo alilolifunga. Alipomwachia mkewe na kutoka nje, Marsiana alianguka chini ya meza na fundo likabaki limekaza vilevile, mausi inaning'inia kifuani.

Nadhira, mwenye duka la vitambaa la jirani, aliingia na mkasi wake wa kazi.

"Waya ulikuwa umezama," anasema. "Sikuona pa kupitisha mkasi. Nikakata waya na ngozi pamoja, nifanyeje? Namwambia, Mama Lydia, usinifie dukani kwangu, mie sitaki polisi. Wallahi, tulikuwa dukani kwake, lakini ndivyo nilivyosema."

Kovu la mkasi liko chini ya sikio la kulia. La waya limefifia.

Chanzo kilikuwa kicheko. Kijana mmoja alileta picha ya pasipoti aambatanishe na maombi ya kazi ya ulinzi, na kwenye picha alikuwa amefumba macho. "Mlinzi gani huyu anaomba kazi akiwa usingizini?" Marsiana alimuuliza. Kijana akacheka, naye akacheka. Alikuwa amekaa kama alivyokaa miaka yote, uso kwenye kioo cha kompyuta, mgongo mlangoni, kwa sababu waya wa mausi ulikuwa mfupi na meza haikuweza kugeuzwa. Hakumwona Valerian akiingia.

"Unacheka na nani?"

"Na mteja."

"Mimi hujanichekea hivyo tangu nikuoe."

"Shemeji, na wewe lete picha umefumba macho," kijana alisema, akidhani ni utani. Yeye ndiye aliyepigwa kwanza. Alikimbia akaacha picha yake mezani.

Marsiana hakuwa mgeni wa kupigwa. Alizaliwa miaka thelathini na minne kabla ya siku hiyo katika kijiji cha uwandani, njia ya Namanyere, kwa wakulima wa mahindi na ulezi. Baba yake aliwapiga watoto kwa kamba ya kufungia ng'ombe, na aliiloweka kwanza. Alipomaliza mafunzo ya uchapaji alikuja mjini akaolewa. Mwaka wa pili wa ndoa Valerian alimpinda kidole cha kati cha mkono wa kushoto hadi kikalia. Hakikunyooka tena. Anachapa bila hicho, na ukimtazama kwa haraka hutagundua.

Polisi walifungua jalada. Kabla hajaruhusiwa kutoka hospitalini, ukoo wa mumewe uliitisha kikao, na binti yake Lydia, aliyekuwa kidato cha kwanza, akapelekwa kwa bibi yake upande wa baba. Marsiana aliambiwa mtoto atarudi kikao kikiisha vizuri.

Alipotoka, kikao kilikaa uani kwa Clemens, baba mkubwa wa Valerian, mbele ya chungu cha pombe ya ulezi. Clemens ana sifa ya kutatua mambo, na alianza kama anavyoanza siku zote, kwa kutafuta kitu kilicholeta ugomvi. Mashamba yakigombewa, anahamisha mpaka. Ng'ombe akiingia shambani, anauliza habari za zizi.

"Mwanangu, alikukaba kwa kitu gani?"

"Kwa waya, baba mkubwa." Sauti ya Marsiana ilikuwa bado haijarudi, aliyekaa karibu alilazimika kuwarudia wengine jibu.

"Waya wa nini?"

"Wa mausi. Ya kompyuta."

"Na hiyo mausi, lazima iwe na waya?"

Mpwa mmoja, mwalimu, akaeleza kwamba siku hizi zipo zisizo na waya. Unachomeka kidude kidogo kwenye kompyuta, mausi inazungumza nacho kwa hewa.

"Basi tumepata," Clemens alisema.

Hapo wazee walichangamka. Shangazi mmoja alisema isiyo na waya itaibwa, kwani hakuna kinachoishika. Mwingine akasema inakula betri, na betri zikiisha kazi inasimama. Mwalimu akajibu kwamba ile ya waya nayo hukatika kwa ndani shingoni mwake kwa kukunjwakunjwa. Hakuna aliyecheka, wala yeye mwenyewe hakuona alichosema. Waliulizana bei, uzito, kama radi inaweza kuipiga. Mjadala wa mausi ulichukua muda mrefu kuliko mjadala wa shingo. Mwishowe Valerian alitozwa mbuzi mmoja na mausi isiyo na waya, na Marsiana akatakiwa kwenda polisi kusema mambo yamekwisha.

Alikwenda. Lydia alirudi nyumbani jioni hiyohiyo.

Kuhusu mausi yenyewe Marsiana anazungumza kama fundi. Ni nzuri, anasema. Meza yake ni ndogo, na ule waya ulikuwa ukikokota karatasi na siku moja ulimwaga chai kwenye kibodi. Hii iliteleza popote. Aliweza kugeuza kioo kimwelekee mteja, yeye mwenyewe akakaa kwenye benchi ukutani, mausi juu ya daftari gumu mapajani, mteja akachagua picha huku yeye akibofya kutoka mbali. Na benchi hilo linatazama mlango. "Hiyo ndiyo faida niliyoitaka," anasema. "Nyingine ni nyongeza."

Hasara nazo alizikuta. Betri iliisha foleni ikiwa imefika barabarani, siku za mwisho za maombi ya mikopo ya wanafunzi, akang'oa ya saa ya ukutani. Tangu hapo saa ya dukani haikuaminika. Kidude cha kuchomeka kilianguka kikafagiliwa na taka, akakitafuta jalalani pamoja na Nadhira. Mteja mmoja aliitia mfukoni badala ya simu yake akapanda nayo basi la Namanyere. Ilirudi kesho yake kwa basi lilelile, imefungwa kwenye gazeti.

"Ile ya waya ilikuwa haitoki," anasema. "Urefu wa waya ndio mwisho wake. Hii inafika popote."

Novemba mwaka huohuo, mvua zikiwa zimeanza, alimwona Valerian akivuka barabara. Alikuwa kwenye benchi. Alimwona tangu kwa muuza nyanya, akamwona anavyotembea, akajua. Alipata muda wa kuwaambia wateja watoke na muda wa kusimama. Muda wa kufika mlangoni hakuupata.

Valerian aliingia akitazama mezani.

"Alikuwa anatafuta waya," Marsiana anasema. "Macho yalikuwa yanatafuta. Akaona hakuna. Nikafikiri ataondoka."

"Ulinishtaki kwa wazee wangu," Valerian alisema. "Nikanunua mbuzi. Nikakununulia na kidude. Kiko wapi?"

Mausi ilikuwa mkononi mwa Marsiana. Aliusahau mkono huo. Valerian akaikunjua ngumi yake, akachukua mausi, akampiga nayo kwenye nyusi. Pigo la pili lilivunja meno mawili ya mbele. La tatu lilipasua gamba la mausi, betri ikaruka ikabingirika chini ya printa, naye akaendelea na kipande kilichobaki, ambacho kingo zake zilikuwa kali. Shavu la kushoto lilifunguka kutoka chini ya jicho hadi kwenye taya. Marsiana alianguka, Valerian akampiga teke la mbavu, akainama, akaendelea kwa mkono.

Nadhira aliingia safari hii na mita ya chuma anayopimia vitambaa. Alimpiga Valerian kwenye kiwiko, na wateja waliokuwa barazani wanasema mlio waliusikia. Kipande cha mausi kikadondoka. Madereva wa bodaboda wakamvuta nje wakamshushia mateke na helmeti kwenye tope, na wangemmaliza kama gari la polisi lisingekuwa linapita. Valerian alipakiwa akiwa hawezi kusimama.

Marsiana aliposhonwa alifanya jambo moja kabla ya kwenda kituoni. Akiwa na uso uliofungwa bandeji alipanda bodaboda hadi shuleni, akamtoa Lydia darasani na kumpeleka kwa Nadhira. Kisha ndipo akaenda kuandikisha maelezo.

Clemens alikuja dukani wiki iliyofuata na kuku chini ya kwapa. Aliketi kwenye benchi.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Pole sana." Alitazama damu iliyokauka kwenye printa. "Nimeulizia. Wanasema iko kompyuta ya mapajani, hiyo haina mausi kabisa. Unagusa kwa kidole tu. Tutachanga ukoo mzima, tuyamalize nyumbani."

Marsiana alimwonyesha mkono wa kushoto.

"Waya mmeondoa. Sasa mnaondoa mausi. Kidole hiki hapa alishakivunja zamani. Mkishafika kwenye vidole, baba mkubwa, mtaniachia nini nifanyie kazi?"

"Wamesahau kuondoa kitu kimoja tu," Nadhira alisema mlangoni, "nacho kinavaa suruali."

Clemens alimgeukia Marsiana. "Kwa hiyo hutaki kikao."

"Kikao nataka. Cha hakimu."

Mzee aliondoka na kuku wake.

Valerian yuko nje kwa dhamana, mkono mmoja haukunjuki, na amerudi kwenye malori kuhesabu magunia. Marafiki zake hupita mbele ya steshenari wakipiga miluzi. Mmoja alirusha jiwe, kioo cha dirisha kikapasuka. Nadhira ameziba kwa turubai. Mausi iliyovunjika iko polisi kama kielelezo, ndani ya mfuko wa plastiki, bila betri. Marsiana amenunua nyingine, isiyo na waya vilevile. Anakaa kwenye benchi, uso mlangoni. Siku akihofia kusinzia anakuwa na betri ya akiba kwenye mfuko wa gauni na mkasi wa Nadhira kwenye mwingine.

Kesi inasikilizwa Alhamisi saa tatu asubuhi. Shahidi wa kwanza ni Marsiana.