Aliyerudi Baada ya Udi

Mwandishi yule wa Kijapani alikuja Maskati kuishi na binti yake, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, nami nikawa namsomesha Kiarabu kila Jumanne. Kiarabu chenyewe hakikumwingia. Tulizungumza Kiingereza, akinisimulia kazi yake: miaka arubaini ya kuandika hadithi za upelelezi. Miswada yake mitatu ya mwanzo ilikataliwa yote, kwa sababu mwizi alikuwa mpita njia asiyejulikana na mtu.

"Msomaji huona kaibiwa yeye," aliniambia. Tangu hapo wezi wake wote walikuwa watu wa nyumbani.

Siku moja, kwa domo langu hili, nikampa kisa chetu. Wageni walikuja kwetu Ghubra, mama akavua pete aliyoachiwa na bibi, akaiweka sebuleni, na jioni haikuonekana. Msichana wa Kiganda aliyetufanyia kazi akarudishwa kwao. Nilikisimulia hivi hivi, kama porojo. Yeye hakucheka. Aliuliza jambo moja tu: nani aliondoka wa mwisho?

Nikamweleza kwamba kwetu chetezo cha udi kikishapitishwa, mgeni hakai tena, hujifukiza, akaaga. Na wote waliaga. Mama mkubwa tu, dada yake mama, ndiye aliyerudi ndani kufuata mkoba wake. Mwandishi akaandika neno kwenye kidaftari chake, nami nikamjazia kahawa.

Mwaka huu, baada ya yeye kurudi kwao, kitabu chake kikanifikia kwa Kiingereza. Mama macho yamemchoka, kwa hiyo humsomea alasiri, nikikigeuza Kiswahili papo hapo. Katika sura ya tisa chetezo kikapitishwa. Wageni wakaaga. Mwanamke mmoja akarudi kufuata mkoba.

Maneno yale niliyatoa mwenyewe, kwa mdomo wangu, na sikuwahi kuyasikia! Nikafunga kitabu.

"Mbona umenyamaza? Soma," mama akasema.

"Mama, aliyechukua pete ni..."

"Nnamjua aliyechukua. Nlijua siku ile ile, alivyorudi." Alikuwa akitafuta miwani yake kwenye kochi. "Ulitaka nimfukuze dada yangu, mwanangu?"

Nilimtazama kama mtu nisiyemjua. Mama mkubwa hula kwetu kila Ijumaa. Mimi humtilia wali, nikamchagulia na mnofu.

Sikuweza kusoma tena. Nilikuwa naliona sanduku la yule msichana, nililolimwaga sakafuni mimi mwenyewe, nguo moja moja, hata za ndani, naye kasimama mlangoni anatazama. Hakulia. Mama alikuwa nyuma yangu, akinihimiza nipekue na mifukoni.