Swali la Alhamisi Alasiri

Akidi isipotimia bungeni, kengele hulizwa ili waheshimiwa warudi ukumbini. Katika bunge letu la kaunti, Alhamisi alasiri kengele ililia mpaka askari wa lango akaacha kuisikia. Waheshimiwa walikuwa wameshaondoka. Huku kwetu watu huzikwa Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo mwili hutolewa mochari Alhamisi ili ulale nyumbani kwake, na mwanasiasa asiyeonekana kwenye msafara ule ataulizwa wakati wa kura alikuwa wapi. Magari yalitoka kama yamefukuzwa: moja likielekea mochari ya Homa Bay, jingine Migori, jingine Awendo, ambako dereva alijua atakwama nyuma ya malori ya miwa na bado akaenda.

Na hiyo Alhamisi alasiri ndiyo saa iliyotengewa maswali kwa mawaziri.

Sitasema ni bunge la kaunti gani. Wasomaji wa upande huu wa ziwa watasema ni la majirani zao, nami nitawaacha waseme hivyo. Nilikuwa karani msaidizi, ndiyo kwanza nimetoka chuo kikuu, na kazi yangu ilikuwa kuandaa rasimu ya ratiba ya wiki: mswada upi usomwe, waziri yupi aulizwe, saa ngapi. Rasimu ilikwenda kwa karani mkuu, bosi wangu, kisha kwa kamati ya shughuli iliyoongozwa na Spika mwenyewe. Wenzangu waliopata kazi Nairobi walinicheka. Mimi niliona nimewekwa mahali pazuri. Ukitaka kujua bunge linaogopa nini, usisikilize hotuba, tazama limekiweka saa ngapi.

"Kwa nini maswali yako Alhamisi alasiri?" nilimuuliza bosi siku moja.

"Yamekuwa hapo."

"Nani aliyaweka?"

"Omera, ndugu yangu, na hicho kiti ulichokalia, nani alikiweka? Si umekalia tu?"

Huenda ningeliacha jambo hilo, kama nilivyoacha mengine mengi yaliyoniudhi mwaka ule. Lakini kulikuwa na swali moja lililomhusu mama yangu.

Mama anauza omena, dagaa wa ziwani, katika soko la kando ya ziwa. Meza yake iko mahali palepale tangu nikiwa shule ya msingi. Wateja huijua hata akiwa hayupo, humwachia jirani pesa na kujipimia wenyewe kwa mkebe wa gorogoro. Soko hilo lilipangiwa kubomolewa na kujengwa upya, jambo ambalo kila mtu alilitaka, maana mvua ikinyesha watu huuza huku miguu iko ndani ya maji. Tatizo lilikuwa moja: likishajengwa, nani ataingia? Waziri wa biashara wa kaunti alikuja, akasimama chini ya hema, akaahidi kwamba kabla ya mtu yeyote kuhamishwa atapeleka bungeni mswada wa kuwapa wauzaji wa zamani haki ya kwanza ya meza mpya. Akina mama walipiga vigelegele.

"Mswada wenyewe mmeuona?" nilimuuliza mama jioni ile.

"Wewe ukiambiwa chakula kiko mezani, unauliza meza ni ya mbao gani."

Kisha lori likamwaga nguzo za ua pembeni mwa soko. Mabati yakarundikwa juu yake. Mswada haukuwa umefika bungeni. Ningejua, maana ungepitia mezani kwangu. Mama hakuniambia kitu. Yeye na wenzake walikwenda moja kwa moja kwa mwakilishi wa wadi yao, mwalimu mstaafu mwenye miwani ya kamba, naye akawasilisha swali: mswada ulioahidiwa uko wapi?

Swali likapangwa Alhamisi alasiri, likafa kwa kukosa akidi. Likapangwa tena. Waziri akatuma udhuru kwamba amefiwa na jirani, na ilikuwa kweli. Lilipopangwa tena, waziri alikuja, akakaa, akangoja, na mwuliza swali mwenyewe hakuwepo: alikuwa amekwenda kumzika binamu yake. Huyo nisingeweza hata kumlaumu. Katika mambo yote hayo sikumwona mwongo wala mvivu. Niliona saa mbaya tu, na kila mtu akiiheshimu kana kwamba ilishuka na mvua. Kule sokoni nguzo zilikuwa zimeanza kusimikwa.

"Kwani huko kwenu mnafanya nini?" mama aliniuliza.

Nilirudi kazini nikatandaza ratiba za muhula mzima mezani. Kila Jumatano asubuhi iliandikwa "Miswada", na chini yake hapakuwa na kitu. Waheshimiwa waliomba dua, wakasikiliza tangazo moja au mawili, wakaahirisha kikao kabla chai haijapoa. Niliitazama nafasi ile tupu nikacheka peke yangu. Saa ya miswada ilikuwa tupu kwa sababu mawaziri hawakuleta miswada. Na saa ya kuwauliza kwa nini hawakuileta ilikuwa saa ambayo watu wote wako matangani.

Nikaandika rasimu mpya, maswali kwa mawaziri yakiwa Jumatano asubuhi, nikaipeleka kwa bosi. Aliisoma taratibu.

"Mama yako anauza wapi?"

"Hapo hapo. Sokoni kwenyewe."

"Swali umeandika wewe?"

"La. Hata koma sijaigusa."

"Akikuuliza mtu kuhusu mama yako?"

"Nitamjibu kama nilivyokujibu wewe."

Akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Basi sawa. Swali lina mama, saa haina mama. Peleka. Lakini wakikasirika, nitasema ni wewe."

Kamati ya shughuli ilikutana Jumanne. Niliketi kwenye kiti cha ukutani, pale makarani wasaidizi wanapokaa ili wasionekane. Kiongozi wa walio wengi, mtu mnene mwenye kicheko cha haraka, aliyaona maswali kwenye safu ya Jumatano kabla hata Spika hajafungua ukurasa.

"Jumatano asubuhi ni ya miswada. Nani amechezea ratiba?"

Bosi akanyoosha kidole kwangu bila kunitazama. Spika akaniambia nisimame.

"Mheshimiwa," nikasema, "Jumatano hii kuna mswada gani?"

"Hakuna. Lakini ni siku yake."

"Na Jumatano iliyopita?"

"Kijana, umekuja kutufundisha kazi?"

"Nauliza tu, mheshimiwa."

"Ndiyo shida yenu ya chuo kikuu! Wazazi wanawalipia karo mkatafute majibu, mnarudi na maswali."

Kamati nzima ikacheka, nami nikacheka pia, maana alikuwa amesema kweli. Spika hakucheka. Aliuliza, "Na mswada ukija?"

"Maswali yaupishe. Hapo sote tutakuwa tumepata tulichotaka."

Nilikuwa na hoja nyingine, nimezipanga vizuri. Sikuzihitaji. Kiongozi wa walio wengi alikuwa ameinama juu ya karatasi, kidole chake kikitembea kutoka Jumatano hadi Alhamisi.

"Ngoja kwanza," akasema. "Maswali yakitoka Alhamisi, alasiri inabaki na nini?"

"Haina kitu, mheshimiwa."

"Kwa hiyo tunaahirisha saa sita, kihalali, mtu anakwenda kumtoa marehemu wake bila kupigiwa kengele?"

"Kihalali kabisa."

Akainua mkono. "Mheshimiwa Spika, hoja ya kijana ina uzito."

Ilipita bila pingamizi. Bado sijaamua kama niliwashawishi au marehemu ndio waliowashawishi. Lakini ilipita, na mimi si mtu wa kurudisha ushindi eti umekuja na viatu visivyo vyake.

Jumatano asubuhi ukumbi ulijaa. Hakukuwa na msiba wa kwenda, na habari zilikuwa zimezagaa. Mama na wenzake walikaa kwenye roshani ya wageni na vitambaa vyao vya kanisani kichwani. Sikuwapungia mkono. Niliketi mezani mbele ya Spika nikajifanya napanga karatasi.

Mwakilishi akasoma swali lake. Waziri akasimama, suti nzuri, sauti nzuri.

"Mheshimiwa Spika, napenda kulihakikishia bunge hili kwamba mswada uko katika hatua za juu."

"Hatua za juu ni ghorofa ya ngapi?" akauliza mwakilishi.

Vicheko. Spika akagonga nyundo. Mwakilishi akarekebisha miwani yake, akaendelea kwa sauti ileile ya darasani. "Sitaki kumcheka waziri. Nataka kujua, leo hii, mswada uko kwa nani. Kama uko jikoni, nani anakoroga? Nitajie ofisi. Nitaenda mwenyewe na gari la kukodi."

Waziri akageuka kuwatazama maofisa wake waliokaa nyuma. Mmoja akainama akamnong'oneza. Nilikuwa karibu kiasi cha kuuona uso wake ukibadilika. Nadhani ndipo yeye mwenyewe alipopata habari.

"Mheshimiwa Spika," akasema, safari hii polepole, "mswada bado haujaanza kuandikwa."

Mtu mmoja nyuma akashangaa kwa sauti, "Yawa!"

"Asante kwa kusema ukweli," mwakilishi akamwambia. "Sasa, yale mabati?"

Waziri akasema mabati hayatapigwa kwenye nguzo hata moja kabla mswada haujapita. Spika akaamuru uletwe kabla ya bunge kwenda likizo, na akaagiza ahadi iingie kwenye kumbukumbu za bunge. Nami, kwa tabia yangu mbaya, nilikuwa nimeshaanza kujiuliza: ahadi hii ina tofauti gani na ile ya chini ya hema? Nililipata jibu kabla kikao hakijaisha, na mpaka leo naliamini. Ile ya hemani haikuwa na saa. Hii ningeweza kuipanga. Nikaiandika kwenye rasimu ya Jumatano iliyofuata, na iliyofuata hiyo, na waziri alijua kila wiki ataikuta hapo ikimngoja.

Nje, mama alikuwa anafunga kitambaa upya.

"Yule waziri nimemwonea huruma," akasema. "Watu wake wamemwacha uchi mbele za watu. Na wewe mbona ulikaa kimya vile?"

"Kazi yangu ni kupanga saa, mama."

"Saa tu?"

"Saa tu."

Akanitazama kama anayepima omena ya mtu mwingine. "Haya."

Mswada ulikuja. Ulisomwa mara ya kwanza Jumatano asubuhi, na kwa neno langu mwenyewe maswali yote ya siku hiyo yakaupisha. Kiongozi wa walio wengi alinipita kwenye korido akanigonga bega: "Si ulisema yaupishe? Leo utatafuta pa kuyapeleka!" Nilikubali. Ulijadiliwa, ukarekebishwa, ukapita, gavana akautia sahihi. Wakati wote huo nguzo zilisimama sokoni bila mabati, na akina mama wakafunga turubai zao juu yake ili wapate kivuli.

Siku mabati yalipopigwa nilikwenda kumsaidia mama kuhamishia meza kwenye uwanja wa muda. Aliwatazama mafundi wakipiga misumari bila wasiwasi wowote, gorogoro lake kwapani.

"Una hakika utarudi?" nikamuuliza.

"Si wewe uliniambia sheria ipo?"

"Ipo."

"Na jina langu limo?"

"Limo, kwenye orodha iliyoambatishwa."

"Basi nyathina, mwanangu, mbona unauliza?"

Nikamwambia nauliza kwa sababu sheria imetaja nani atarudi, haikutaja lini. Ujenzi nao una waziri wake, na Jumatano ijayo asubuhi iko wazi.