Mama Mkwe na Bakuli la Uji

Mama mkwe wangu alikuwa amesahau karibu kila kitu. Hata mke wangu, binti yake wa kumzaa, mama alimwita tu "dada", vile mtu anavyomwita muuza nyanya asiyemjua. Mke wangu alimlisha kila asubuhi, kisha akaenda kuuza nguo zake soko la Nakawa, hapa mjini. Mchana jirani yetu, mama wa Kikongo, alikuja kumwogesha na kumlisha. Mimi nilikuwa nyumbani bure, kiwanda kimetupunguza kazini, lakini kwetu magharibi mwa Kenya mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, sembuse kumshika.

Siku moja jirani akasafiri. Mama alikuwa amekonda hadi bangili zinamtoka, na daktari alishasema asipokula atalazwa, apitishiwe mpira wa chakula puani. Nikajiambia, mila gani tena? Huyu hata hajui mimi ni nani. Nikakoroga uji wa wimbi, nikaketi mbele yake na kijiko.

Akafunga mdomo. Nikaongeza sukari. Akajifunika leso usoni. Nikabembeleza wee, mwisho nikapandwa na hasira: "Mama, sasa unataka nikufanyie nini?" Nikasukuma kijiko, uji ukamwagikia leso. Nilipotaka kumpangusa alijivuta mpaka ukutani, kichwa ameinamisha, na hapo ndipo nilipoelewa. Alikuwa ananistahi. Ugonjwa umempokonya hata jina lake mwenyewe, na bado anajua kwamba mimi ni mkwe.

Nikaweka bakuli kwenye kigoda karibu naye, na kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kando yake. Nikaenda kukaa mlangoni, nikampa mgongo.

Nikaanza kukata tamaa. Kisha nikasikia kijiko kikigonga bakuli. Kikagonga tena. Huyu aliyekuwa akifunguliwa mdomo kama mtoto alikuwa anakula mwenyewe, na mimi sikuthubutu kugeuka. Baadaye nikasikia kitambaa kikikamuliwa. Alikuwa anajipangusa.

"Mkwe wetu amekula?" akauliza, kama anayewauliza watu wa jikoni.

"Nimekula, mama," nikajibu, nikitazama ngazi za nje, machozi yakinitoka. Sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu asubuhi.