Nyuki Dume wa Anyesi

Urinaji wa asali Anyesi aliuanza ukubwani. Kijijini kwao Chemba ni kazi ya wanaume, naye aliirithi siku mumewe, Mazengo, alipopooza upande mmoja. Kiharusi hakina adabu: asubuhi mtu anapanda mti, jioni analishwa uji kwa kijiko.

Mizinga ilikuwa sita. Anyesi akavaa suruali ya mumewe, akawasha moshi, akajifunza. Mazengo aliketi kivulini akimwelekeza kwa ulimi mzito: wale wanene wenye macho makubwa ni madume. Hawana mwiba, hawachumi, kazi yao ni kumpanda malkia tu. Maua yakiisha, majike, ambao ndio vibarua wote wa mzinga, huwaburuta hadi mlangoni na kuwatupa nje wafe njaa.

Wawili hawa walitaniana tangu uchumba. Hawakujua kupendana kwa namna nyingine. Basi siku moja ya mwezi wa nane, akimlisha, Anyesi akasema, "Kula, dume langu, kula! Kiangazi kikikaza nakutoa nje."

Mazengo alicheka, kwa ule upande wa mdomo uliobaki hai. Kesho yake akaacha uji nusu. Wiki iliyofuata akaukataa wote.

"Baba Devota, umeudhika na maneno yangu?"

"Sijaudhika, mama Devota. Maua yameisha. Nyuki hawakosei."

Alimbembeleza, akaapa, akamwita binti yao Devota kutoka Miyuji aje amsihi baba yake. Mwisho akamwambia alichojifunza mizingani: bila dume, malkia hazai jike hata mmoja, na mzinga mzima hufa.

"Na malkia akishazaa?" Mazengo akauliza.

Anyesi alimkasirikia kwa kuugeuza utani kuwa hukumu, kisha akajichukia mwenyewe zaidi. Ulimi hauna mfupa. Mwezi wa kumi Mazengo akafa.

Msibani watani walikuja, kama desturi. Mmoja wao, Penina, alivaa kofia ya marehemu, akaukunja mkono, akaomba uji huku akidondosha udenda. Waombolezaji wakacheka hadi wakashika mbavu, maana hiyo ndiyo dawa ya msiba. Anyesi peke yake alijiinamia.

"We mjane, mbona hucheki?" Penina akamchokoza. "Au ulikuwa umemchoka?"

Anyesi akainua uso.

"Hata mimi nilimtania, Penina. Akaniamini."

Penina akaivua ile kofia.